Fyuzi Hulinda Waya: Kuchagua Nyaya na Fyuzi za Vifaa vya Ziada vya Pikipiki

Ukisimama jioni kwenye steji yoyote ya bodaboda jijini Nairobi, iwe kando ya Barabara ya Jogoo, Kawangware au karibu na Gikomba, itakuwa shida kupata pikipiki iliyobaki na umeme ule ule iliotoka nao kiwandani. Usukani una chaja ya simu, kwa kuwa mteja na ramani siku hizi vyote vimo ndani ya simu. Gadi ya mbele imefungwa taa mbili za LED, chini ya tangi imejificha honi ya konokono, mwavulini mnaimba redio, na chini ya kiti kuna kifaa cha kuifuatilia pikipiki ikiibwa. Kiwanda kilipozifunga nyaya kilikuwa kimekadiria taa, breki, indiketa na honi moja ndogo. Kila kilichoongezwa baadaye kinategemea busara ya aliyekifunga.

Mimi nililijua hilo kwa hasara. Msimu mmoja wa masika nilimpa fundi wa kando ya barabara kazi ya kunifungia taa mbili, naye akatumia waya mwembamba aliokuwa nao mkononi, akaweka fyuzi ya ampea 20 kwa maelezo kwamba fyuzi kubwa haisumbui kwa kukatika. Wiki chache baadaye waya ulichubuka pale shingo ya usukani inapogeuka, ukawa unaigusa fremu kupitia kutu na rangi. Haikuwa shoti kamili. Ulikuwa mguso hafifu uliopitisha mkondo mwingi kuliko waya ulivyoweza kustahimili, lakini mdogo kuliko ule wa kuikata fyuzi. Plastiki ya waya iliyeyuka kuanzia shingoni hadi chini ya tangi, moshi ukatoka karibu na petroli, na nilipofungua kiti niliikuta fyuzi ikiwa nzima kabisa. Fundi hakunidanganya: fyuzi yake kweli haikusumbua.

Kosa lake ni la watu wengi, nalo linatokana na kudhani kwamba fyuzi huwekwa ili kukilinda kifaa. Taa au chaja ikishaharibika ndani, fyuzi mara nyingi huchelewa kuiokoa. Kazi ya fyuzi ni kuhakikisha kwamba sehemu dhaifu kuliko zote katika njia ya umeme ni yenyewe, wala si waya uliopita chini ya tangi. Ndiyo maana uchaguzi hufuata utaratibu ambao haufai kupinduliwa: kwanza hujulikana mzigo, kisha huchaguliwa waya unaoubeba mzigo huo kwa raha, na mwisho kabisa huchaguliwa fyuzi iliyo juu kidogo ya mzigo na chini ya uwezo wa waya.

Kuujua mzigo

Mkondo hupatikana kwa kugawanya wati kwa volti. Betri ya pikipiki hizi ni ya volti 12, na injini ikinguruma volti hupanda hadi karibu 14, lakini ni afadhali kugawanya kwa 12 kwa sababu jibu linakuwa kubwa zaidi na makosa yake yanaangukia upande wa usalama. Taa mbili za wati 20 kila moja ni wati 40, na 40 kwa 12 ni ampea 3.3.

Chaja ya simu huwapoteza wengi. Kwenye tundu lake huandikwa ampea 2.1, na mtu akiwa na matundu mawili hudhani chaja inavuta ampea 4.2 kutoka kwenye betri. Ampea hizo ni za upande wa simu, ambako volti ni 5 tu. Matundu mawili ya namna hiyo hutoa wati 21. Ukiongeza kinachopotea kama joto ndani ya chaja utafikia kama wati 25, yaani ampea 2 na kidogo kutoka kwenye betri. Chaja inayojaza simu haraka huvuta zaidi, hivyo soma wati zake za juu kabisa na utumie hizo.

Kuhusu taa za LED, usiliamini boksi. Si ajabu kukuta taa yenye ukubwa wa ngumi ya mtoto imeandikwa wati mia kadhaa. Pima mwenyewe kwa mita ya umeme: hamisha waya mwekundu wa mita hadi tundu lililoandikwa 10A, weka mita katikati ya betri na taa ili mkondo wote upite ndani yake, kisha usome. Ukimaliza rudisha waya wa mita mahali pake, kwa maana anayesahau na kwenda kupima volti kwa tundu hilo huwa ametengeneza shoti kwa mkono wake. Usiipime honi kwa njia hii kama huna hakika na mkondo wake, kwani inaweza kuipita ampea 10 ya mita.

Honi ndiyo yenye uchu. Jozi ya honi za konokono huvuta ampea 6 hadi 8 zikipigwa pamoja. Honi za upepo zenye pampu yake ndogo huweza kupita 15, na kwa maoni yangu pikipiki ya cc 100 au 150 haina sababu ya kubeba kitu hicho. Kifaa cha ufuatiliaji, kwa upande wake, huvuta kidogo mno, lakini hakilali. Kikivuta miliampea 30 usiku na mchana, kwa siku kinamaliza ampea-saa (Ah) 0.72, na betri ya 5 Ah iliyoegeshwa bila kuwashwa itakuwa imekauka ndani ya wiki moja. Anayesafiri kwenda nyumbani Desemba na kuiacha pikipiki Nairobi akumbuke kuichomoa fyuzi ya kifaa hicho au kuitenga betri.

Jumla ya vifaa vyote nayo ina kikomo, maana fyuzi na nyaya nzuri hazitengenezi umeme. Pima volti kwenye vichwa vya betri injini ikiwa kwenye mwendo wa kawaida wa barabarani na kila kitu kimewashwa. Zikiwa kati ya 13.5 na 14.5, mtambo wa kuchaji unamudu. Zikibaki chini ya 13, betri ndiyo inayolisha vifaa, na siku moja itakuacha ukipiga kiki mbele ya abiria. Hapo dawa ni kupunguza mzigo.

Kuchagua waya

Waya wa magari na pikipiki hupimwa kwa milimita za mraba za shaba iliyo ndani, si kwa unene wa plastiki ya nje. Tahadhari hii ina sababu, kwa kuwa kuna nyaya zinazojaa mkononi ambazo ukizimenya unakuta nywele chache za shaba zilizozungukwa na plastiki tele. Kwa pikipiki, ambako nyaya hufungwa pamoja karibu na joto la injini, mimi hujiwekea mipaka ya kihafidhina: waya wa 0.5 usilindwe na fyuzi inayozidi ampea 5, wa 0.75 usizidi 7.5, wa 1.0 usizidi 10, wa 1.5 usizidi 15, na wa 2.5 usizidi 20. Wapo watakaokuambia kwamba nyaya hizo hustahimili zaidi, na wakiwa wanazungumzia waya mmoja uliotandazwa hewani huenda wana haki. Hauko hewani chini ya tangi la pikipiki iliyokwama kwenye foleni ya saa kumi na moja.

Ukipewa waya uliopimwa kwa namba za Kimarekani, kumbuka kwamba namba ikipanda waya unakonda. Namba 20 ni kama milimita za mraba 0.5, namba 18 ni 0.8, namba 16 ni 1.3, na namba 14 ni 2.1.

Urefu nao una hesabu yake, kwa sababu waya hupunguza volti kabla hazijafika kwenye kifaa. Zidisha ampea kwa urefu wa njia nzima katika mita, kwenda na kurudi, zidisha tena kwa 0.0175, kisha gawanya kwa milimita za mraba. Taa zetu za ampea 3.3, zikiwa na njia ya mita 4 kwa jumla, zitapoteza karibu volti 0.46 kwenye waya wa 0.5, na 0.23 tu kwenye waya wa 1.0. Waya wa kwanza usingeungua, lakini wa pili unaleta mwanga ulioulipia, na tofauti ya bei kwa mita nne haitoshi hata chai na mandazi.

Sasa aina ya waya wenyewe. Waya wa nyumba wenye shaba moja nene haufai kabisa kwenye pikipiki, hata ukiwa mnene kiasi gani, kwa sababu mtetemo wa injini na matuta ya mitaani huukunja mahali pamoja hadi ukakatika ndani huku plastiki ikiwa nzima. Hitilafu ya namna hiyo huja na kuondoka, na humfanya mtu abadilishe betri, swichi na fundi kabla ya kumshuku mhalifu. Waya wa intaneti na ule mwembamba wa spika, ambao mafundi huupenda kwa kuwa hupatikana bure, uache huko huko. Unachotaka ni waya wa magari, wenye nyuzi nyingi nyembamba za shaba na plastiki inayovumilia joto na mafuta.

Maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, huuza waya huo kwa mita, na kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli utapata konekta na mita ya kupimia. Kabla hujalipa, omba kipande kidogo ukikwangue kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ukikwangua ukakuta weupe, huo ni waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao hupitisha umeme pungufu kwa takriban theluthi moja, hukatika upesi ukikunjwakunjwa, na huoza haraka ukipata maji. Angalia tu usichanganyikiwe na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni nyeupe nje na nyekundu ndani, nayo ni nzuri, hasa kwa mvua zetu.

Kuchagua fyuzi na mahali pake

Fyuzi haipaswi kubeba mzigo wa kudumu unaozidi asilimia 80 ya namba yake. Kwa hiyo gawanya mzigo kwa 0.8, kisha chukua fyuzi ya karibu iliyo juu ya jibu hilo. Taa za ampea 3.3 zinatoa 4.1, basi fyuzi ni ya 5. Chaja ya ampea 2 inatoa 2.5, basi fyuzi ni ya 3. Honi za ampea 8 zinatoa 10 kamili, basi fyuzi ni ya 10 na waya usiwe chini ya milimita za mraba 1.0, mimi ningeweka 1.5 ili sauti isififie. Kifaa cha ufuatiliaji kinatosheka na fyuzi ya ampea 1 au 2.

Wengi hushangaa kusikia kwamba fyuzi ya ampea 10 haikatiki mkondo unapofika 10. Ukipita mkondo wa 13.5 inaweza kuvumilia kwa dakika kadhaa, na hata ukifika 20 inaweza kuchukua sekunde chache. Katika muda huo waya ndio unaoteseka, na hiyo ndiyo sababu ya kuacha nafasi kati ya namba ya fyuzi na uwezo wa waya badala ya kuvilinganisha sawasawa.

Fyuzi za miguu bapa hutambulika kwa rangi: zambarau ni 3, kahawia iliyopauka ni 5, kahawia iliyokoza ni 7.5, nyekundu ni 10, buluu ni 15, njano ni 20, nyeupe inayoangaza ni 25 na kijani ni 30. Hata hivyo soma namba iliyochapwa kichwani, kwa kuwa vumbi na jua hubadilisha rangi. Pikipiki za zamani zina fyuzi za kioo, ambazo namba yake imechorwa kwenye kifuniko cha chuma.

Zipo pia fyuzi duni ambazo plastiki yake huyeyuka kabla chuma cha ndani hakijakatika, na mtu hawezi kuzijua kwa macho. Ukinunua pakiti ya bei ya kutupa, toa moja sadaka: kwenye betri ya gari unganisha balbu mbili za wati 55 sambamba, ambazo kwa pamoja huvuta kama ampea 9, na uipitishe njia hiyo katika fyuzi ya 3. Fyuzi njema itakatika papo hapo. Balbu zikiendelea kuwaka huku fyuzi ikipata moto, tupa pakiti nzima. Fanya jaribio hilo mbali na petroli, na usiishike fyuzi kwa mkono.

Mahali pa fyuzi ni karibu na kichwa chanya cha betri, ndani ya sentimita 15 hivi. Waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Ukichubuka hapo, hakuna kitakachoukata ila kuyeyuka. Fyuzi iliyowekwa mbele karibu na taa, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi, imeiacha mita nzima ya waya bila kinga. Tazama pia vipande vya waya vinavyokuja na kishikizo cha fyuzi, kwani mara nyingi ni vyembamba kuliko waya wako, na hapo kipimo cha kufuata ni kile cha waya mwembamba zaidi katika njia nzima.

Rilei, na umeme wa kuiba kwenye taa

Njia ya mkato inayopendwa sana ni kuchubua waya wa taa ya mbele na kuunga kifaa kipya hapo. Njia hiyo ina madhara mawili. La kwanza ni kwamba waya, swichi na fyuzi ya taa vilikadiriwa kwa taa peke yake. La pili halijulikani na wengi: katika pikipiki kadhaa ndogo taa ya mbele hulishwa moja kwa moja na koili ya injini, kwa umeme unaogeuka upande huku na huku, bila kupitia betri. Dalili yake ni kwamba taa haiwaki ufunguo ukifunguliwa injini ikiwa imezimwa, na mwanga hupanda na kushuka kadiri unavyovuta eksileta. Chaja ya simu ikiungwa hapo haiishi.

Kwa taa na honi, tumia rilei ya miguu minne, yaani swichi inayowashwa na mkondo mdogo ili ipitishe mkubwa. Mguu wa 30 hupokea umeme kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, mguu wa 87 huupeleka kwenye kifaa, mguu wa 85 huenda kwenye kichwa hasi cha betri, na mguu wa 86 hupata ishara kutoka kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukifunguliwa, kupitia swichi yako ya usukanini. Koili ya rilei huvuta chini ya robo ya ampea, kwa hiyo waya wa ishara unaweza kuwa mwembamba na swichi ndogo haiungui. Faida nyingine ni kwamba ukiondoa ufunguo kila kitu huzimika, na mtoto wa jirani hawezi kukumalizia betri usiku.

Wakati wa kufunga

Toa kwanza waya wa hasi wa betri, na uurudishe wa mwisho. Ukianza na wa chanya, spana ikigusa fremu cheche itaruka. Viungo vibanwe kwa konekta na koleo lake, kisha vivishwe mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu kunatosha kwa siku mbili za kiangazi. Tepu hulegea gundi ikipata joto, na mvua ya kwanza huingia. Kulehemu si vibaya, ila waya hugeuka mgumu pale lehemu inapoishia na hukatikia hapo kwa mtetemo, basi ufunge mahali hapo usicheze.

Upande wa hasi urudishe hadi betrini kwa waya wa unene ule ule. Ukiufunga kwenye fremu, kwangua rangi mpaka chuma kionekane, kaza bolti, kisha paka grisi. Kwenye shingo acha waya uwe na ulegevu, geuza usukani kulia na kushoto mpaka mwisho, na uhakikishe haunyooki wala haubanwi. Tangi likirudishwa lisikalie waya. Pitisha nyaya mbali na ekzosi, zivishe mpira wa kinga, na kishikizo cha fyuzi kielekeze mdomo chini ili maji yachuruzike, kwa kuwa mashine za presha za waosha pikipiki huingiza maji hata mahali ambapo mvua haifiki.

Vifaa vikiwa vitatu au zaidi, usirundike vichwa vya waya juu ya bolti moja ya betri. Nunua kisanduku kidogo cha fyuzi, kilishe kwa waya mmoja wa 2.5 wenye fyuzi kuu ya 15 au 20 karibu na betri, na kila kifaa kipate fyuzi yake humo. Andika kwa kalamu isiyofutika kila fyuzi ni ya nini. Fundi mwingine atakayefungua kiti chako huko mbeleni hatalazimika kubahatisha.

Ukimaliza, washa kila kitu kwa robo saa na upapase nyaya, konekta na kishikizo cha fyuzi. Waya uliochaguliwa vizuri huwa baridi kama fremu iliyo kando yake. Konekta yenye joto haikubanwa sawasawa. Kisha pima volti betrini na kwenye kifaa chenyewe. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna kiungo kibovu au waya mwembamba.

Weka chini ya kiti fyuzi mbili za akiba za kila namba uliyotumia, ili usishawishike kukunja karatasi ya sigara na kuiweka badala ya fyuzi ukiwa Waiyaki Way saa nne ya usiku. Ikikatika mara moja, weka nyingine na uendelee na safari. Ikikatika tena, chomoa kifaa hicho, fika nyumbani bila hicho, na kesho yake ufuate waya inchi kwa inchi, ukianzia kwenye shingo ya usukani.